Skuli zikifunga, mageti yasifungwe: barua ya wazi kwa wakubwa wetu wa Pemba

Kwa Afisa Mdhamini wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Pemba. Wakuu wa Mikoa ya Kaskazini na Kusini Pemba. Wakuu wa Wilaya za Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Masheha wote, walimu wakuu na kamati za skuli.

YAH: KUFUNGULIWA VIWANJA NA MAKTABA ZA SKULI WAKATI WA LIKIZO

Waheshimiwa, assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua nyingi mezani kwenu husomwa juu na chini, katikati ikabaki kwa karani. Tunaomba skuli za Serikali zinapofunga muhula, mageti yake yasifungwe pamoja nao. Madarasa yafungwe, ofisi zifungwe, maabara na vyumba vya kompyuta vitiwe makufuli mawili mawili mkitaka. Lakini kiwanja, kivuli cha miembe, bomba la maji, vyoo, na pale penye maktaba, maktaba nayo, viachwe wazi kwa watoto wa shehia, kwa saa zinazojulikana na mbele ya watu wazima wanaojulikana. Iwe hivyo likizo ya kati ya mwaka na iwe hivyo likizo ya mwisho wa mwaka. Hakuna tofali hata moja tunaloomba ndani ya barua hii.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne, ninakaa pembezoni mwa mji wa Chake. Kibaraza changu kinatazama njia, na skuli zikifunga najua bila ya kuambiwa, kwa sababu watoto huanza kuja kuomba uzi. Likizo ya kati ya mwaka huangukia kwenye kusi, na kusi ndio upepo wa tiara. Mmoja anataka uzi, mwengine anataka vitambaa vya kufungia mkia, wa tatu amekodoa macho kwenye karatasi zangu za khaki ninazokatia vipimo. Chelewa wameshachomoa wenyewe kwenye fagio za mama zao, na gundi yao ni wali uliobaki jana. Siku za mwanzo kitongoji kizima kinatembea kichwa juu. Siwanyimi, uzi wa tiara haujamtia fundi yeyote hasara. Mambo huharibika wiki ya pili, tiara zikishanasa kwenye minazi na kwenye nyaya za umeme, na hakuna tena kipya cha kufanya.

Husemwa kwamba watoto wa siku hizi hawatulii. Mwenye kusema hivyo aitazame siku ya mtoto wa darasa la tano skuli zikiwa wazi. Anaamka alfajiri, anakwenda chuoni kusoma Kurani, anatoka chuoni anakimbilia skuli, anarudi anakula, anarudi chuoni tena, akifika nyumbani magharibi imeshaadhiniwa. Halafu siku moja tu, skuli inaondoka na saa zake zote, na hakuna aliyejiuliza zile saa sita saba zitakaliwa na nini. Sisi wazee hatupewi likizo siku wanazopewa wao. Mimi nipo kwenye cherehani, na Idi ikikaribia silali. Mume wa jirani yangu yuko baharini, wa nyumba ya pili yuko Unguja kwenye mahoteli, na Julai na Agosti ndio miezi ya wageni, hapati ruhusa hata ya kuja kuzika. Bibi wa watoto yupo, Mungu amuweke, lakini miguu yake haimfikishi walipo wajukuu.

Wenye madarasa ya mitihani wana kambi za kusomea, na hilo nawashukuruni. Barua hii ni ya waliobaki, yaani wengi.

Sasa nielezee geti. Skuli siitaji, kwa sababu kama si hii ni ile, na mwalimu mkuu wake namuheshimu, anafuata alichoagizwa. Siku ya mwisho ya muhula mlinzi anapitisha mnyororo, anapiga kufuli, anarudi kwenye kiti chake. Ndani mna kiwanja ambacho majani yake hupanda hadi magotini kabla ya likizo kwisha. Nje, watoto wanacheza mpira barabarani, mpira wenyewe soksi iliyojazwa sponji ya godoro kuukuu, magoli mawe mawili, na kila bodaboda ikipita mchezo unasimama. Kipo kipembe cha uzio ambapo waya umeinuka. Wadogo wanapita hapo kwa tumbo, mlinzi anawaona, anawafukuza na fimbo, wanatoka mbio kwa kupitia pale pale, na aliye nyuma ndiye anayechanika mgongo. Mashati yaliyochanika pale huletwa kwangu kushonwa. Ninapata riziki kutokana na uzio ule, na bado naomba geti lifunguliwe.

Mtaniambia jambo hili halijawahi kufanyika na lina utaratibu wake. Nikumbushe machache yaliyokwisha kufanyika hapa hapa kisiwani.

Kila Idi, siku nne za sikukuu, watoto wa Chake na vijiji vyake wanajaa Tibirinzi kwenye uwanja wa kufurahishia watoto. Gari za abiria hupangwa, polisi husimama njiani, masheha hutoa matangazo, wauza askrimu wanajua wakae wapi. Hakuna anayesema haiwezekani. Kila mwaka, kuelekea tarehe 23 Septemba, siku ambayo mwaka 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo, walimu hawa hawa huwafanyisha watoto mazoezi ya michezo na ngoma, na mambo huenda. Na wenye umri wangu tunakumbuka misimu ya karafuu iliyopea hadi skuli za Pemba zikafungwa ili watoto wakachume. Kalenda nzima ya masomo ilisogezwa kupisha karafuu. Serikali iliyoweza kusogeza kalenda haitashindwa na mnyororo.

Na kwa kuwa nimeitaja karafuu, nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto asifanye kazi. Kukaa jamvini na bibi usiku mkachambua karafuu, makonyo huku na karafuu kule, huku anakuhadithia nani alimuoa nani na shamba lipi lilikuwa la nani, ni elimu ambayo hakuna skuli inayoitoa. Nimelelewa hivyo na nashukuru. Ninachokikataa ni mtoto wa miaka kumi na moja kupandishwa mkarafuu kwa sababu ni mwepesi na analipwa pishi kwa bei ndogo kuliko mtu mzima, au kukalishwa juani anaponda kokoto siku nzima, na tukiuliza tunajibiwa kwamba mbona skuli zimefunga. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 haina likizo. Lakini sheria peke yake haimtoi mtoto kwenye kokoto kama hana pengine pa kwenda.

Naja kwa watoto wanawake.

Skuli ikifunga, mtoto mwanamume anatoka na mtoto mwanamke anaingia jikoni. Hilo ndilo lililopo nyumba nyingi, na yangu nimelazimika kupigana nayo. Yupo mmoja wa jirani, amefika darasa la saba, akili yake kali. Muhula ukiwa wazi simuoni ila kwa mbali na shungi lake jeupe. Likizo anakuja kibarazani kwangu na mdogo wake kiunoni na beseni la kashata kichwani, anakaa kidogo apumue. Ananitungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yangu yameanza kuchoka, ananiuliza kwa nini pindo la juba linakatwa kwa mshazari, nikimjibu mara moja hasahau. Kisha anaitwa. Siku yake yote ni kuitwa. Wavulana hata wakifukuzwa getini wana barabara, wana pwani, wana miembe. Yeye akisimama barabarani nusu saa, watu wataanza kuuliza ni mtoto wa nani.

Kwa hivyo hapo mtakapofungua viwanja, wekeni kwa maandishi kwamba zipo saa za watoto wanawake, na wasimamizi wake wawe wanawake. Msiseme kiwanja ni cha wote, kwa sababu sote tunajua kiwanja cha wote nani hukitawala. Wao watacheza netiboli kama ring ipo, na kama haipo watacheza nage, wawili wanarusha, wa katikati anakwepa, na hakuna kinachohitajika ila mpira wa soksi na nafasi. Watacheza mdako kwenye saruji ya baraza la darasa. Watapiga makelele. Mtoto mwanamke wa miaka kumi na mbili anahitaji mahali ambapo anaweza kupiga makelele bila ya kuambiwa nyamaza, na nikifikiri vyema katika shehia yetu sipaoni.

Saa za asubuhi ndizo zinazofaa, tangu saa tatu hadi saa sita, chuo cha asubuhi kikiwa kimeshatoka na jua halijawa kali. Jioni muwaachie maustadhi watoto wao. Na siku ambazo vyuo vingi hupumzika, Alhamisi jioni na Ijumaa, mkiweza ongezeni.

Bahari. Hapa mtanisamehe nikikaa, kwa sababu ndipo roho yangu ilipo.

Sisi ni watu wa kisiwa, zaidi ya watu 540,000 kwa sensa ya mwaka 2022, na hatuna hata hatua moja tunayoweza kutoka kwetu bila ya kuvuka maji. Mtoto wa Kojani anajua kuogelea kabla hajajua kusoma. Lakini mtoto wa Machomanne, wa Limbani, wa Konde, anaweza kumaliza kidato cha nne na akitumbukia gatini Wesha asijue la kufanya. Mtoto mwanamke ndio kabisa. Mama zetu wa mwani huingia maji ya kiuno bamvu hadi bamvu, yaani kila siku za maji makubwa, miaka ishirini, thelathini, na wengi wao ukiwauliza watakwambia hawajui kuogelea, hawajapata kufundishwa na mtu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ikiwa njiani kuja Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Sina haja ya kuwasimulia. Kila mmoja wenu ana mtu wake. Wala sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote waliokuwamo. Meli iliyojazwa kupita kiasi ni dhambi ya aliyeijaza, si ya abiria asiyejua kupiga mikono. Lakini watoto hawafi kwenye meli tu. Masika yakimaliza, mashimo yaliyochimbwa mchanga yanabaki na maji, juu yametulia, chini hapana mwenye kujua pana nini, na likizo ya kati ya mwaka inaanza yakiwa bado yamejaa. Wanaingia wawili watatu, mmoja anateleza, mwenziwe anamrukia kumuokoa, na anayezama humkumbatia muokoaji wake wakashuka wote. Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na katika kila wanne mmoja ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Julai. Tarehe hiyo ingetufaa kuliko semina na fulana.

Nini hasa tunachokitaka? Wiki mbili za mafunzo katika kila likizo, pwani zenye maji yaliyotulia. Upande wa mashariki kusi linapiga, lakini magharibi tuna mahori na ghuba zisizo na mawimbi. Mtoto afundishwe kuelea chali bila ya kuhangaika. Afundishwe kugeuka na kurudi nchi kavu hata kwa kupiga mikono na miguu ovyo, mitindo ya mashindano hana haja nayo. Afundishwe kulisoma bamvu na maji mafu, lini mkondo unavuta. Na afundishwe lile kubwa kuliko yote: mwenzako akizama usimrukie, mrushie dumu tupu lenye kifuniko, mrushie kamba, mnyooshee upondo, piga kelele watu waje. Walimu tunao. Wamo wavuvi waliozeekea baharini ambao mchana wanacheza bao. Wamo askari wa KMKM, kikosi chetu cha kuzuia magendo baharini, ambao uokozi ni kazi yao. Wazamiaji tunao wa kutosha tangu zama za babu zetu.

Kwa watoto wanawake, walimu wawe wanawake, pwani iwe ya faragha, nguo ziwe za stara. Kaskazini Unguja, huko Nungwi, wasichana wameshafundishwa kuogelea na wanawake wenzao wakiwa wamejisitiri vizuri, na hakuna mila iliyovunjika. Kitambaa ninakijua: kisiwe cha kunyonya maji kikamzamisha mtoto, suruali ifungwe kwa lastiki kwenye kifundo, juu kanzu fupi isiyopepea, ushungi ushonwe mzima usiohitaji pini. Nitakata mimi, bila ya ujira, mkinipatia kitambaa. Na atakayesema jambo hili si la dini, masheikh wetu wenyewe hutukumbusha kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kuwafundisha watoto kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi. Farasi hatuna, na mishale tuiache. Bahari iko pande zote nne.

Lipo jengine linalonikera, na nalisema ingawa halihusu kufuli. Julai inapofika, ndugu zetu walioko Uingereza, Canada na Oman hurudi na watoto wao, kwa sababu huko nako skuli zimefunga. Watoto wale hupelekwa kisiwa cha Misali kutazama samaki, hupelekwa msitu wa Ngezi, hupelekwa Kidike kumuona popo wa Pemba, mnyama ambaye duniani kote hapatikani ila kisiwa hiki. Vizuri sana, waijue asili yao. Lakini binamu zao waliozaliwa Chake na watakaozikwa Chake hawajafika Kidike, na kutoka hapa hadi huko hata saa moja ya gari haifiki. Wa Pujini wanachungia mbuzi kwenye ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, bila ya kuhadithiwa alikuwa nani na ukatili wake ulikuwa upi. Gari za skuli zipo, gari za wizara zipo. Siku moja kwa kila skuli, kila likizo, watoto thelathini, chakula tutapika sisi. Basi.

Maktaba sitairefusha. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka hii ya karibuni zina maktaba nzuri, na vitabu ndani ya makabati vinangoja vumbi wiki hizo zote. Maktaba Kuu iko Chake. Mtoto wa Makangale hawezi kupanda gari kwenda na kurudi kwa ajili ya kitabu cha hadithi. Mfungulieni cha kwao.

Najua mtu atainua mkono kwenye kikao na kusema: basi tufungue, lakini tuwawekee masomo ya ziada, wasipoteze muda. Hasha. Naomba huyo mumsikilize kwa adabu na mumkatalie. Tuisheni imeshakula jioni za watoto, imeshakula Jumamosi zao, na wanaoilipia ni wazee wenye nacho. Mkiigeuza likizo kuwa muhula mwengine, asiyekuwa na ada atabaki nje ya geti kama alivyo sasa, safari hii akiwatazama wenziwe. Mtoto ana haki ya kuchoka kwa kucheza. Anayetunga tiara mwenyewe, akapima chelewa zilingane pande zote, akaongeza mkia inapozunguka ovyo, ameshafanya hesabu na sayansi bila ya kuandikiwa ubaoni.

Zito zaidi ni hili la usalama. Udhalilishaji wa watoto umo visiwani mwetu, kesi zinasikika kila siku, na mara nyingi mtuhumiwa ni mtu anayejulikana nyumbani. Mzee yeyote atauliza: huyo atakayekaa na mwanangu kiwanjani ni nani? Ana haki kuuliza, nami ningemshangaa asiyeuliza. Kwa hivyo yawepo masharti yasiyo na huruma. Wasimamizi wasipungue wawili kwa wakati mmoja, na mwanamke asikose. Majina yao yabandikwe getini na kwa sheha, na sheha awe amewaulizia. Hakuna mtu mzima kuingia chumbani peke yake na mtoto, awe mwalimu, ustadhi au mtoto wa mkubwa. Namba 116 ya kusaidia watoto iandikwe ukutani kwa rangi, kubwa, kwa urefu wa macho ya mtoto wa darasa la pili. Mwenye kesi au aliyemalizana na wazee wa mtoto kienyeji asikanyage, na masheha mnawajua ni nani. Haya yakifanywa, kiwanja cha skuli kitakuwa salama kuliko kichaka kilicho nyuma yake, ambako ndiko waliko watoto sasa hivi mimi nikiandika.

Wizi na uharibifu ndiyo sababu ninayoisikia sana kwa walimu wakuu. Viti vinaibiwa, mabomba yanang'olewa, na mwalimu ndiye anayeandikishwa maelezo. Sikatai. Ila wezi wale huja usiku, wala hawajaomba ufunguo. Skuli yenye watu asubuhi yote ina macho mengi zaidi kuliko skuli yenye mlinzi mmoja na redio.

Fedha. Mlinzi analipwa tayari. Kinachohitajika ni posho ya wasimamizi, mipira miwili mitatu ya kweli, sanduku la huduma ya kwanza, na bili ya maji kuongezeka kidogo. Vijana waliomaliza vyuo wamejaa mabarazani wakisubiri ajira, na wanaosomea ualimu wanahitaji mazoezi. Wengi watakuja kwa nauli na cheti cha kuonesha kwamba walifanya kazi. Walimu wa skuli waacheni wapumzike. Wamefundisha mwaka mzima, si haki kuwarudisha kiwanjani.

Msianze na kisiwa kizima. Chagueni skuli nne, moja kila wilaya, kwa likizo moja. Wilaya ya Micheweni isiwe ya mwisho kama kawaida yake. Ikimalizika, waiteni masheha, wasimamizi na wazee, na muwaite watoto pia, muwaulize kipi kiliharibika. Hapo mtaamua kwa kuona badala ya kwa kuogopa.

Kwa upande wetu, kinamama wa shehia yangu tumeshakaa kikao. Wamo watakaopika uji wa asubuhi kwa zamu, yumo muuguzi mstaafu atakayeshika sanduku la dawa, yumo bibi mmoja aliyecheza netiboli enzi za ujana wake na mpaka leo ukimrushia kitu hakianguki. Wanaume watatu, wavuvi, wamekubali kufundisha wavulana kuogelea siku za maji mafu ambazo hawatoki. Mimi nitashona vizibao vya rangi mbili kwa ajili ya timu, kutokana na mabaki ya sare. Kamati ya skuli yetu tumeiandikia. Imejibu kwamba haina pingamizi, lakini ufunguo hauko mikononi mwake hadi apatikane mkubwa wa kusema ndio. Kila tuliyemuuliza mkubwa huyo ni yupi, alitutajia mwengine. Ndiyo maana barua hii ina majina mengi ya vyeo pale juu. Mmoja wenu ndiye, na tunamuomba ajitokeze kabla muhula haujafunga.

Majibu yanaweza kupitia kwa sheha wetu, au mtu aje mwenyewe. Mchana wote nipo kibarazani, isipokuwa Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi, mzazi na fundi cherehani,
Chake Chake, Pemba.

Nakala: maustadhi wa vyuo vya Kurani vya shehia, Kamandi ya KMKM Pemba, mlinzi wa skuli yetu, ambaye hana kosa.